Majoho Arobaini na Karatasi ya Simiti

Tulimzika Mzee Ogola kwao Maseno, Jumamosi moja ya jua kali, na mimi nikapewa kipaza sauti. Mwongozaji wa shughuli alinitambulisha kuwa mmoja wa matunda ya Mzee, watu wakapiga makofi, nikasimama mbele ya hema nikasema yale yanayosemwa. Nikasema alinipokea nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akaniweka mbele ya mashine ya kwanza ya kudarizi kwa kompyuta niliyopata kuiona maishani, kisha akanipeleka Nairobi kwa gharama yake kujifunza kazi ambayo imenilisha mpaka leo. Yote hayo ni kweli. Nilikuwa karibu kumaliza nilipomwona Peres katika safu ya nne, kitambaa cheupe kichwani, kidevu kwenye kiganja, ananisikiliza kwa namna ile yake ya zamani, macho chini na masikio ndiyo yanafanya kazi. Nilikuwa sijamtia machoni kwa karibu miaka thelathini. Nikakatiza hapo hapo. Nikasema Mungu amlaze Mzee mahali pema, nikarudisha kipaza sauti, nikaketi.

Wakati wa chakula Peres alinifuata na sahani yake, akakaa bila kuulizwa. "Rosi, umekuwa mtu mkubwa," akasema. "Umeongea vizuri." Nikamwambia asante, Mama Awuor. "Nasikia uko na mashine nne." Nikamwambia ni tatu tu, watu wanapenda kuongeza. "Jumanne nakuja Kibuye kutafuta vitunguu. Nitapitia nizione." Nikamwambia karibu sana, na nikatabasamu, na moyoni nikaomba Jumanne inyeshe mvua ya kung'oa mabati. Kulikuwa na neno moja nililopaswa kulisema mbele ya mama huyu mwaka ule tulipofanya kazi pamoja kwa Mzee, siku lilipoulizwa, nikalimeza. Pale kwenye hema lilikuwa limefika kooni tena, na kipaza sauti nilikuwa nacho, na nikalimeza tena. Mtu akifikisha umri wangu hushangaa jinsi tabia ya ujana inavyokaa ndani, imetulia, inangoja tu nafasi.

Habari za wazazi wangu na za shule nitaziacha. Hazina kosa, ila hazihusiani. Mwaka ule ulianzia kwenye chumba. Karakana ya Mzee Ogola ilikuwa nyuma ya soko la Kibuye, nyumba ndefu ya mabati iliyogawanywa kwa hadibodi, zile mbao nyembamba. Upande wa barabara kulikuwa na meza ya kukatia vitambaa na cherehani za kawaida, ambako zilishonwa kaptula na sketi za shule. Nyuma kulikuwa na kibaraza cha kupikia. Katikati kulikuwa na chumba cha mashine, na hicho ndicho pekee kilichokuwa na sakafu ya simiti, imepakwa rangi nyekundu na kung'arishwa kila Jumatatu. Mlangoni palikuwa na pazia la maua badala ya mlango, na hapo ulivua viatu. Mzee alikuwa amesema vumbi ni adui wa kompyuta, na kwa kuwa hakuna aliyejua kompyuta inaogopa nini hasa, tulivua viatu, tukafunga dirisha, tukakaa mle ndani tukitoka jasho kama watu wanaofukizwa kwa homa.

Mashine yenyewe ilikuwa imetumika na wengine kabla yetu, huko mbali ilikotoka. Ilikuwa na sindano tisa kwenye kichwa kimoja, kila sindano na rangi yake, na tundu la kutumbukiza disketi yenye mchoro. Kioo chake kilikuwa na maandishi ya kigeni ambayo Mzee aliyaita miguu ya kuku. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, nusu ya kurasa hazipo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kwa hiyo nilipewa kitabu nisome. Nilisoma, sikuelewa. Peres, aliyekuwa ameacha shule darasa la saba na kuwa fundi wa Mzee kwa miaka sita, hakusoma chochote. Alivuta kiti akaitazama mashine ikifanya kazi kwa wiki nzima, halafu akaanza kukipa kila kitu jina.

Majina hayo ninayatumia hata leo, na wasichana niliowafunza wanayatumia, na nadhani wanaamini yametoka kwenye kitabu. Ile mishono ya kwanza, michache, inayopita juu ya kitambaa kukishika kabla ya rangi kuja, ni msingi. Ile inayojaza mahali papana, ikienda na kurudi mstari baada ya mstari, ni shamba, kwa sababu hapo mashine inalima. Ule ukingo mnene unaong'aa kuzunguka herufi ni kamba. Sindano ikiinuka na kuvuka kwenda mahali pengine bila kushona, imeruka. Uzi wa chini, ule wa kwenye bobini, ukiisha, mashine imeshikwa na njaa. Kitambaa kinabanwa kwenye fremu ya duara, sehemu ya nje na ya ndani, na chini yake inawekwa karatasi ngumu ya kukishikilia, hiyo ni karatasi ya mgongo. Na jinsi mishono inavyokaribiana, Peres aliita msongamano, na hapo ndipo alipokuwa akiniinulia kidole. "Sindano ni kitu ya kutoboa, Rosi. Usisahau. Unafikiri inashona, lakini kwanza inatoboa. Ukiisonga sana kwa kitambaa nyepesi, hiyo si kudarizi tena. Ni kukata."

Alinifundisha kwa masikio. Aliniambia nigeuzie mashine mgongo, nitazame pazia. "Sasa inafanya nini?" Shamba. "Sasa?" Imeruka. "Na sasa?" Kamba. "Rangi gani?" Nikacheka nikamwambia, yawa, Mama Awuor, rangi nayo nitaisikiaje? "Sindano ya tatu inalia kuliko zingine. Ya tatu iko na nyekundu." Nikageuka, na kweli ilikuwa nyekundu. Alikuwa anaweza kukaa upande wa pili wa hadibodi, anashona kaptula, na akapaza sauti kuniambia mashine iko na njaa kabla sijaona chochote. Wateja walidhani ni mchezo. Mzee alijua si mchezo, na alimwachia mashine kama mtu anavyomwachia mwenzake mtoto.

Tulipika kwa zamu. Zamu yake ilikuwa omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, wa kukaanga na nyanya mpaka rojo linakuwa zito, na ugali ambao ukiuangusha unaweza kuumiza mtu. Zamu yangu ilikuwa mboga za majani, kwa kuwa ndizo nilizoweza. Ijumaa tulinunua mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki mbuta iliyobaki baada ya viwanda kuchukua nyama, tukaufyonza mpaka kichwani, tukikaa kibarazani juu ya magunia ya vitambaa. Peres alikuwa mtu wa utani. Alinitania kwa Kiswahili changu cha shule, alinitania kwa kula polepole, alisema nitaolewa na mtu mwenye subira ya kobe. Nilimpenda. Naliandika hapa wazi kwa sababu bila hilo yaliyofuata yataonekana madogo.

Karibu na katikati ya mwaka nilikuwa kibarazani jioni moja nikipanga vikombe, na Mzee na mkewe wakizungumza upande wa pili wa hadibodi. Hadibodi haifichi kitu. Mzee alikuwa anasema wale waliomuuzia mashine wana mafunzo Nairobi, ya kuchora mwenyewe michoro kwenye kompyuta, ili tuache kununua disketi kwa watu. Angeweza kupeleka mtu mmoja. Mkewe akasema si ni Peres? Nikasikia Mzee akipuliza chai. "Peres ana mkono," akasema. "Lakini huyu mdogo ana kichwa. Nitaangalia." Basi. Ilikuwa sentensi moja ya mzee anayekunywa chai, na kuanzia hapo sikulala vizuri. Nilianza kufika asubuhi kabla ya Peres. Nilianza kumwambia Mzee mambo aliyoniambia Peres kana kwamba nimeyagundua mimi. Sikuwa mbaya, nilikuwa na njaa tu, kama ile ya bobini.

Kisha ikaja oda ya majoho. Ilikuwa ya kwaya ya kanisa moja upande wa Dunga, ziwani, na mwenyekiti wao alikuwa Mama Dorka, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusimamisha ng'ombe. Walikuwa wanafungua kanisa jipya Jumapili ya mwisho wa mwezi, na askofu anakuja. Walitaka majoho arobaini rangi ya krimu, kitambaa chepesi kwa sababu ya joto, na kila moja kifuani beji ya duara ukubwa wa kisosi, samaki na msalaba. Majoho yalishonwa. Mzee akaitwa ghafla Maseno, kaka yake ni mgonjwa, na akamwachia Peres mashine na funguo. Peres akaniangalia akasema, "Oda ya kanisa fanya wewe, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nimalize hizi kaptula za shule. Lazima siku moja ufanye kitu peke yako." Alisema kwa wema. Hivyo ndivyo nilivyosikia wakati ule.

Nilidarizi ya mfano kwenye kipande cha kitambaa, sawasawa na alivyonifundisha, karatasi mbili za mgongo. Ilichukua muda wake wa kawaida, ikatoka safi. Mama Dorka akaja kuiona akaibana kwa vidole viwili kama anayenunua chapati baridi. "Hii ni nini? Mbona nyepesi hivi? Hii ni kama imechapwa. Wale wa kanisa lile lingine yao inashikika, hata kipofu anaweza kuisoma." Hapa kwetu, mtu akilipia udarizi anataka uzito. Anataka kitu cha kugusa. Nilijua jibu la Peres kwa wateja wa aina hiyo, kwamba sindano kwanza inatoboa, nilikuwa nimelisikia mara ishirini. Lakini Peres alikuwa upande wa pili na mimi nilikuwa na kichwa, si nilisikia mwenyewe? Nikamwambia Mama Dorka asiwe na wasiwasi. Nikaingia kwenye kioo, kwenye miguu ya kuku, nikapandisha msongamano. Halafu nikaangalia karatasi za mgongo. Lilikuwa limebaki bunda moja dogo, na Mzee alikuwa ametuomba tulitunze. Kwenye kofia za kazi, kitambaa kigumu kile, tulikuwa na desturi ya kutumia karatasi za mifuko ya simiti, tunazikung'uta, tunazikata, zinafaa kabisa. Nikachukua za simiti. Moja kwa kila joho. Mzee akirudi akute kazi nzito na karatasi zake zote zipo. Nilijiona mjanja kama sungura wa hadithi.

Joho la kwanza lilichukua muda mrefu. Nakumbuka nikiwa nimesimama kando ya mashine, mikono nyuma, na pazia likatikisika mara moja, nikadhani ni upepo. Beji ilipotoka ilikuwa nzito, inang'aa, imekaa kifuani kama nishani. Siku tatu nilidarizi, nikakata nyuzi mwenyewe, nikapiga pasi mwenyewe, nikakunja. Peres hakugusa, kama alivyoahidi. Mama Dorka alipokuja kuchukua alipiga vigelegele palepale mlangoni, akanishika mashavu. "Huyu ndiye fundi!" Nilitamani Mzee angekuwepo.

Alikuwepo siku nne baadaye, aliporudi, na siku hiyo Mama Dorka alirudi pia. Watu wa kwaya walikuwa wameyapeleka majoho ziwani kuyatoa wanga wa kiwandani, kama inavyofanywa kwa nguo mpya kabla ya kuvaliwa. Wakayatia majini, wakayasugua kidogo, wakayakamua. Karatasi ya simiti ikalowa ikawa uji. Na kitambaa, ambacho sindano ilikuwa imekitoboa kuzunguka ule ukingo wote, tundu kando ya tundu, kikaachia. Beji zikatoka nzima nzima, duara safi, zikaanza kuelea. Mama Dorka alisimulia jinsi waimbaji wote wa sauti ya pili walivyoingia majini mpaka magoti kuzikimbiza. Kisha akamimina karai la beji alilokuja nalo kwenye meza ya kukatia, na zikamwagika pale, samaki na msalaba, samaki na msalaba. Akainua joho moja, akaliweka usoni, akatutazama kupitia lile tundu. Mtu mwingine angecheka. Jicho lake lilikuwa na machozi.

Mzee hakupaza sauti. Alichukua beji moja, akaipindua, kwa sababu fundi huangalia nyuma kwanza, akaona mabaki ya kahawia ya simiti. Akauliza, "Nani alikuwa kwa mashine?" Tulikuwa tumesimama wawili, mimi na Peres, kati yetu hatua moja. Nilikuwa na neno hilo, ni la herufi nne, hata mtoto analijua. Niliogopa. Na nilitaka Nairobi. Sitalipamba. Nilitazama vidole vya miguu yangu juu ya sakafu, na nikasikia Peres akisema, "Mimi, Mzee." Mzee akamgeukia. "Wewe, Peres? Wewe?" Peres akasema, "Mashine uliniachia mimi." Mzee akalaza beji mezani taratibu, akamwambia aende nyumbani apumzike kwanza, atamwita. Hakumwita. Peres alipaka mashine mafuta, akapangusa kioo, akaacha mkasi wake mdogo juu ya kiti. Aliponipita mlangoni hakunitazama, na mimi nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Jumapili ile nilikwenda kanisani Dunga, nikasimama nyuma. Hakukuwa na wakati wa kushona mengine. Kwaya iliingia na majoho ya krimu, na wote arobaini walikuwa wamebana kitabu cha nyimbo kifuani, mkono wa kushoto, palepale penye tundu. Hawakukishusha ibada nzima. Waliimba vizuri mno, na askofu akawasifu kwa kukipenda kitabu. Baada ya mwezi nilikuwa Nairobi, kwenye darasa lenye kompyuta sita, na mwalimu akaandika ubaoni kwa Kiingereza majina ya vitu vyote ambavyo tayari nilikuwa na majina yake. Nilikuwa wa kwanza katika darasa lile. Nilisikia baadaye kwamba Peres yuko Mamboleo, kwenye kibanda, na cherehani ya miguu, anapunguza suruali za mitumba. Kutoka Kibuye hadi Mamboleo ni mwendo mfupi sana. Nilijua hilo miaka yote.

Nilijitengenezea hadithi kuhusu alichokifanya. Nilisema moyoni kwamba Peres hakujua kilichotokea, kwamba alijitwika kosa la oda kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, kwamba ana moyo wa aina ambayo sisi wengine hatukupewa. Nilimfanya mtakatifu, na mtakatifu ni rahisi kumkwepa, unamwinamia tu kwa mbali. Miaka ikapita hivyo. Nikafungua karakana yangu hapo hapo Kibuye, mtaa wa pili kutoka kwa Mzee. Mzee akazeeka, akaiuza ile mashine kama chuma chakavu. Sikumwambia, na alikufa akiamini kwamba alichagua vizuri.

Jumanne mvua haikunyesha. Peres alikuja saa saba mchana, mfuko wa vitunguu mkononi, na mlangoni akasimama akavua viatu. Siku hizi nina vigae, na hakuna anayevua viatu, wateja huingia na matope yao. Nikamwambia aingie tu navyo. "Ooyo," akasema, "kwa mashine siingii na viatu." Wafanyakazi wangu wawili walikuwa wameenda kula. Nilikuwa nimeanza oda ya fulana za chama cha waendesha bodaboda, fulana ya kwanza kabisa, na macho yangu yalikuwa kwake nilipokuwa naibana kwenye fremu. Nikabonyeza kitufe cha kijani, ikaanza, nikamwekea Peres kiti, nikamimina chai. Alizunguka kwanza, mikono nyuma, akizitazama mashine zangu. "Sindano ngapi hizi?" Kumi na tano kila kichwa. "Yawa! Yetu ilikuwa tisa na tulijiona wazungu." Akaketi, mgongo kwa mashine. Akachovya mandazi kwenye chai. Nilimwona amezeeka vidoleni zaidi ya usoni.

"Mama Awuor," nikasema, "ile oda ya majoho. Ni mimi niliongeza mishono. Na karatasi ya simiti ni mimi."

"Najua," akasema.

"Nani alikuambia?"

"Nani aniambie? Si nilikuwa hapo nyuma ya hadibodi? Hiyo beji ilikuwa inaenda dakika kumi na nne. Ya kwanza yako ikaenda ishirini na tatu. Shamba inalima, inalima, mpaka nasikia kitambaa inalia. Na karatasi ya simiti iko na sauti yake, hiyo hata mtu mwenye sikio moja anasikia." Akanywa chai. "Nilijua kabla hujamaliza ya kwanza."

Nikamuuliza kwa nini basi alimwambia Mzee ni yeye. Aliweka kikombe chini. "Hilo swali ni la pili, Rosi. Uliza la kwanza." Nikamwambia sijui la kwanza ni lipi. "Uliza kwa nini sikuja kuzima."

Alijijibu mwenyewe, akitazama mlango. "Ile jioni ya Mzee na chai, wewe ulikuwa unapanga vikombe. Mimi nilikuwa nje ya dirisha naanua nguo. Nilisikia yote. Ati Peres ana mkono, huyu mdogo ana kichwa. Miaka sita, Rosi. Hiyo mashine nilikuwa nimeijua kama mtoto wangu. Sasa niliposikia ya kwanza inaharibika, niliinuka, adier, kweli kabisa, niliinuka. Nikafika kwa pazia, nikalishika. Halafu nikarudi nikakaa. Nikasema wacha aharibu, Mzee aone hicho kichwa. Nilidhani zitaharibika mbili, tatu, utaona mwenyewe. Hukuona. Nikakaa hapo nashona kaptula na nahesabu. Nilihesabu mpaka arobaini." Akapangusa midomo. "Mzee alipouliza, sikuwa nakusaidia wewe. Usifikirie hivyo. Niliona ni mimi nimeulizwa, mimi niliyesikia nikakaa."

Nilikasirika kwanza, na sioni haya kulisema. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba mzigo nikidhani ni wangu peke yangu, kumbe upande wa pili kulikuwa na mtu ameushika. Halafu hasira ikaisha, na kilichobaki sikukijua jina. Nikamwambia, "Mama Awuor, sisi wawili..." na yeye akainua kiganja.

"Ngoja," akasema.

Nilidhani anataka kusema neno. Hakuwa ananisikiliza mimi. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande, macho chini. Mimi sikusikia chochote ila mashine inafanya kazi kama kawaida. Peres aliinuka, miguu mitupu kwenye vigae, akapita kando yangu, akanyoosha mkono akabonyeza kitufe chekundu. Chumba kikanyamaza. Akainamia fremu, akaingiza vidole chini yake, akavuta kitu. Mkono wa fulana ulikuwa umejikunja ukaingia chini ya fremu, na sindano zilikuwa zimeanza kuushonea kifuani. Nilikuwa nimeubana hivyo mwenyewe, bila kutazama.

"Mishono sita tu," akasema. "Leta mkasi."

Nilimletea. Akaikata mmoja mmoja, akautoa mkono wa fulana, akaunyoosha kando, akahakikisha mara mbili kwa vidole kwamba hakuna kilichobaki chini. Kisha akaweka kidole juu ya kitufe cha kijani, akageuka akanitazama, akangoja nimwambie.